Leseni Ninayo, wa Kuongea Naye Sina

Leo sina video. Nina maneno tu, na ni marefu kidogo, kwa hivyo chukua chai yako na mahamri ukae. Stori inaanza na mimi nikiwa juu ya paa la nyumba yetu hapa Malindi, saa tatu usiku, nimeshika redio ya mkononi, naongea peke yangu kama mtu aliyepagawa.

Nilikuwa nimepata leseni ya redio ya ridhaa, ile wenyewe huita ham. Kwa wale hamjui, hii si redio ya kutangaza wala kupiga muziki. Ni redio ya kuongea na watu wengine wenye leseni kama yako, kwa kujifunza na kwa kusaidiana. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, na ukishaipata unapewa kolsaini, yaani jina lako la hewani. Za Kenya tulizozoea zinaanza na 5Z4. Siku nilipopata yangu niliiangalia kwa simu mara ishirini. Nikaiweka hadi kwa bayo.

Halafu nikapanda juu ya paa, nikabonyeza, nikajitambulisha, nikauliza kama kuna mtu. Kimya. Nikabadilisha masafa. Kimya. Nikafanya hivyo wiki tatu. Kitu pekee kilichonijibu ni popo wa kwenye mwembe wa jirani.

Sasa hapa ndipo kila mtu mpya anakwama, na ndilo jambo nataka tuongee. Unamaliza kusoma, unafanya mtihani, unalipa, unapewa leseni, kisha hakuna anayekwambia watu wako wapi. Unabaki mataa. Unaanza kuuliza swali moja tu: "Masafa ya hapa kwetu ni yapi?" Unalitafuta jibu kama mtu anayetafuta neno la siri la Wi-Fi. Mimi nasema swali lenyewe ndilo limetupoteza. Na kimya cha Kilifi na Malindi hakitaisha mpaka tuliache.

Kwanza nikuambie kwa nini nilitaka hii leseni, usidhani ni maringo.

Novemba 2023, mkikumbuka, mvua za El Niño zilitupiga vibaya. Daraja la Mbogolo likaharibiwa na maji, na barabara ya Kilifi kuja Malindi ikakatika. Dada yangu alikuwa upande wa Kilifi, sisi upande huu. Stima zilipotea, simu yake ikazima, na kwa siku mbili hatukujua chochote. Kwa mstari wa moja kwa moja Malindi na Kilifi ni kilomita kama 55. Mimi niko na simu ya maana, niko na bando, niko na wafuasi wa kila pembe ya nchi, na siwezi kumuuliza dada yangu kama amekula. Mama alikuwa ananiangalia tu, kama vile mtoto wake wa mitandao lazima awe na njia. Sikuwa nayo.

Halafu tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa mtandaoni. Nyinyi mlilalamika kuhusu video kukwama. Mimi nilikuwa nafikiria lile daraja. Nikasema, hapana, safari hii nasoma.

Kwa hivyo nikasoma. Nikapata. Nikapanda juu ya paa. Kimya.

Nilipochoka kuwa mjinga peke yangu, nikaanza kuuliza. Kuna kundi moja la mtandaoni niliomba kuingia, nikaulizwa, "Nani anakujua?" Nani anijue, na mimi ndiyo kwanza naanza? Nilielewa kwamba wanaogopa matapeli na watu wasio na leseni. Sawa. Lakini wasee, mambo ya masafa si siri ya ukoo. Masafa ni mali ya umma. Mtu akishapita mtihani, asihitaji mjomba wa kumwombea nafasi ndio ajue watu huongea wapi na saa ngapi. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye redio tumeugeuza: mgeni njoo, mwenyeji azime.

Nikaamua kujisomea. Na hapa nakupa yale niliyoyapata, ili wewe usipoteze wiki tatu kama mimi.

Dunia imegawanywa kanda tatu za redio, na Afrika iko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya. Kwetu bendi ya mita 2 ni kuanzia megahezi 144 hadi 146. Hii ndiyo bendi ya redio ndogo za mkononi, zile za Kichina ambazo kila mtu anaanza nazo. Ndani yake kuna sehemu moja ya kukumbuka hata ukisahau zote: 145.500. Hiyo ndiyo ya kuitana kwa FM. Unaita hapo, mtu akijibu mnahamia pengine, tuseme 145.475, ili muache mlango wazi kwa mwingine. Kwenye bendi ya sentimita 70, ya kuitana ni 433.500.

Ripita, ile mitambo inayosimama mahali pa juu, inapokea sauti yako na kuirusha tena kwa nguvu, utaisikia kuanzia 145.600 hadi karibu na 145.800. Wengi wapya hukosea hapa. Unaisikia ripita vizuri kabisa, ukibonyeza haikujibu, unadhani redio ni mbovu. Redio ni nzima. Ripita inasikilizia kilohezi 600 chini ya pale inaposemea, na mara nyingi inataka toni fulani ndogo ambayo sikio lako halihangaiki nayo. Usipoweka hayo mawili kwenye redio yako, wewe kwake hauko.

Ukiwa na redio ya HF, kuna kitu kizuri zaidi. Kwenye 14.100 kuna minara 18 ya majaribio kutoka pembe zote za dunia, inayopokezana kwa zamu. Kila mmoja una sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Mmoja wa hiyo 18 ni wetu, jina lake 5Z4B, zamu yake Nairobi. Unatuma jina lake kwa mosi, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukisikiliza ni mistari mingapi unaipata, unajua hewa ya siku hiyo ikoje. Hutumi chochote, hulipi bando. Unasikiliza tu na kuhesabu.

Haya yote nikayajua. Nikayaandika kwenye daftari. Nikarudi juu ya paa nikiwa mtaalamu.

Kimya.

Mtu wa kwanza kumsikia vizuri kwa redio yangu ndogo hakuwa wa Malindi. Wala wa Kenya. Ilikuwa kwenye 437.800, masafa ya ripita ya redio ya ridhaa iliyo ndani ya kituo cha anga za juu cha kimataifa. Kile kituo kinapita juu yetu, kimo chake kama kilomita 400, na una dakika chache tu kabla hakijazama tena upande wa pili. Nikasikia mtu anataja kolsaini yake, mwingine anajibu, wanapishana kama watu wa sokoni. Nywele zilinisimama. Halafu nikashuka ngazi nikawaza: nimesikia watu kupitia angani kabla ya kusikia jirani wa Watamu. Hii si aibu?

Na kumbuka tuko wapi. Hapo Ngomeni, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ndipo Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka hapo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa sababu ilikuwa sikukuu ya Jamhuri yetu ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima, na lilipaa kutoka ufuo wetu. Sisi vijana wa huo ufuo, tuko na redio mifukoni, na hatujui jirani yetu yuko masafa gani.

Aliyenifungua macho hakuwa mhandisi. Alikuwa ami yangu, mvuvi. Alinikuta jioni moja nje nimeshika redio, akaniuliza:

"Mwanangu, hicho chombo waongea na nani?"

"Na yeyote mwenye leseni, ami."

"Na wako wapi hao?"

"Ndio natafuta masafa yao."

Akacheka. Akasema, "Sisi tukitoka baharini hatutafutani hovyo. Twaambiana kabla ya kuondoka. Mwezi ukifika hapa, tuko pale. Asiyekuwepo, twajua ana jambo."

Halafu akaenda zake kuosha miguu. Mimi nikabaki nimesimama.

Wasee, fikirieni baraza. Hapa kwetu kila mtaa una baraza au maskani yake. Hakuna aliyeipata kwa ramani. Hakuna orodha ya mabaraza ya Malindi. Baraza lipo kwa sababu watu walewale hukaa palepale saa ileile, baada ya Isha, kila siku, mpaka ukimtafuta mtu unajua uende wapi. Wakiacha kukaa, linabaki sementi. Ukija mgeni na ukaikuta sementi tupu saa tisa mchana, ukisema "huu mtaa hauna watu," umekosea. Hukukosea mahali. Umekosea saa, au watu wameacha kukaa.

Masafa ni hivyohivyo. 145.500 yenyewe ni sementi. Kila mtu kanda ya kwanza anayo. Ile namba haitakujibu. Anayejibu ni mtu, na mtu hawezi kusikiliza saa 24. Kwa hivyo tunachokosa Kilifi si namba. Tunakosa miadi.

Na miadi ina mambo yake. Nikupe kisa changu cha aibu. Jamaa mmoja wa Mombasa, ambaye leseni yake iliisha na hamu ikaisha nayo, aliniazima redio yake kuukuu ya HF. Nikasoma leseni yangu kuhakikisha naruhusiwa, maana hilo usilibahatishe. Nikafunga waya wa mita 20 kati ya minazi miwili, umekatwa katikati, mita 10 kila upande, kwa bendi ya mita 40. Usiuinue sana; ukiwa chini hivyo mawimbi yanapanda wima na kurudi chini kama mvua, yanaanguka ndani ya kilomita mia kadhaa. Nairobi ni 400 na kitu. Ndiyo hasa tunayotaka.

Mzee mmoja wa Nairobi, mtu wa miaka mingi hewani, akaniandikia: "Kijana, Jumamosi 0600, nitakusikiliza 7.110." Mimi nikaamka alfajiri, saa kumi na mbili, kabla hata ya jogoo kumaliza. Nikaita. Nikaita. Saa moja nikazima, nimekasirika, nikasema hawa wazee ndio walewale. Nikalala. Saa tatu asubuhi mzee akaja, akaita Malindi, Malindi, Malindi, mimi nakoroma.

Watu wa redio hutumia saa ya dunia, UTC. Kenya iko saa tatu mbele. Kwa hivyo 0600 ya mzee ni 0900 kwa simu yako, ambayo kwa Kiswahili ni saa tatu. Saa tatu zote hizo za muda mmoja! Sisi Waswahili ndio tunaoumia zaidi, maana tuna hesabu ya tatu ambayo wengine hawana. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani: toa tatu kwa saa ya simu, upate ya dunia. Nilimwomba mzee radhi. Jumamosi iliyofuata nilikuwepo nusu saa kabla, na akaja. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mawimbi, lakini ilikuwa sauti ya mtu, inaniita kwa jina langu la hewani.

"Malindi?" akasema. "Kijana, huko kwenu sijasikia mtu siku nyingi."

Nikamuuliza lile swali langu, masafa ya hapa kwetu ni yapi. Akasema, "Usitafute orodha. Chagua moja, sema saa, halafu usikose. Hilo la kusema usikose ndilo gumu."

Basi nikachagua. Kila Jumapili, saa mbili na nusu usiku, 145.500. Nikaandika kwenye kurasa zangu, nikabandika karatasi kwa duka moja la kuuza spea za simu. Jumapili ya kwanza, peke yangu. Ya pili, peke yangu. Ya tatu mvua, nikapanda na mwavuli, redio ndani ya mfuko wa plastiki, peke yangu. Mdogo wangu akaanza kunicheka, "Leo popo wamesemaje?" Ya nne, peke yangu, na kusema ukweli nilitaka kuacha. Kijana wa mitandao anazoea majibu ndani ya sekunde. Ukiposti na hakuna moyo hata mmoja ndani ya dakika kumi, unafuta. Redio haikupi hiyo raha. Inakudai uwepo kabla ya kukupa mtu.

Kati ya hizo Jumapili nilifanya jambo moja la maana: nikainua antena. Kuna hesabu rahisi. Chukua kimo cha antena yako kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Unapata umbali wa upeo wako kwa kilomita. Mimi nikiwa nimesimama ufuoni na redio mkononi, kimo mita moja na nusu, upeo wangu ni kilomita 5. Hata kutoka mjini sitoki. Antena ikiwa mita 10 juu, upeo ni 13. Na mwenzangu akiwa na mita 10 yake, tunajumlisha: 26. Watamu iko karibu kilomita 20 kutoka hapa kwa mstari wa ndege. Umeona? Nilikuwa naita Watamu kutoka mahali ambapo Watamu haiwezi kunisikia, kisha nalaumu Watamu.

Jumapili ya tano, saa mbili na dakika thelathini na nne, nikasikia mkwaruzo. Halafu sauti. Halafu kolsaini, inaanza na 5Z4. Wasee, nilikaribia kudondosha redio.

Alikuwa mzee wa Watamu. Ana leseni miaka mingi. Redio yake ilikuwa kwenye droo. Nikamuuliza kwa heshima zote, "Mzee, ulikuwa wapi siku zote?"

Akasema, "Nilikuwa nikiiwasha mara mojamoja, nasikiliza, sisikii mtu. Nikajua hakuna watu."

Rudia hiyo pole pole. Yeye alikuwa anasikiliza Watamu, anasema hakuna watu. Mimi nilikuwa nabadilisha masafa Malindi, nasema hakuna watu. Watu walikuwepo. Sote tulikuwa tunangoja mwingine aanze. Watu wawili wanaosikiliza bila miadi ni sawa na hakuna mtu kabisa.

Ndiyo maana siwalaumu wazee peke yao, na siwalaumu CA kwa kutonipa orodha. Najilaumu mimi na wewe pia. Kizazi chetu kimezoea kukuta jukwaa limeshajaa. TikTok ilikuwa na watu kabla hujafika. Hii haina watu mpaka wewe ufike.

Najua mtakachosema. "Redio ni ya wazee, mimi nina WhatsApp." Hata mimi ninayo, na sitaiacha. Lakini WhatsApp inahitaji mnara wenye stima, waya wa baharini usiokatika, na simu yenye chaji. Redio ya ridhaa inahitaji betri mbili na watu wawili. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, India, palikuwa na mwanamke anaitwa Bharathi Prasad, mtaalamu wa redio ya ridhaa, pale Port Blair na timu yake. Alikuwa amekwenda kuongea na dunia kwa hobi tu. Mawasiliano mengine yalipokufa, redio yake ikawa njia ya kupeleka habari za nani yu hai na nini kinahitajika. Wimbi lilelile lilivuka bahari hii yetu, likafika hadi Malindi saa kadhaa baadaye. Jambo la kushika ni hili: hakuanza kutafuta masafa siku ya maafa. Alikuwa hewani tayari, na watu walikuwa wamezoea kumsikiliza. Miadi ilikuwepo kabla ya maji.

Sisi tukingoja daraja likatike tena ndio tuulizane masafa, tumechelewa.

Na msije mkanielewa vibaya. Sisemi ununue redio leo ubonyeze kesho. Bila leseni, sikiliza tu, usitume. Ukiwa na leseni, taja kolsaini yako, usifanye biashara hewani, usiweke muziki, usiongee kwa kodi za siri. Kila neno liko wazi kwa kila mtu, na ndivyo inavyotakiwa. Na zile redio ndogo zinaweza kufika 156.800, chaneli 16 ya vyombo vya baharini. Usiiguse. Hiyo ni ya mabaharia kuomba msaada, na ami zetu wanaitegemea. Kuwa na uwezo wa kubonyeza si kuwa na ruhusa.

Ninachotaka ni vitu vitatu tu, na vyote viko ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mwenye leseni kuanzia Mtwapa, Kilifi, Watamu, Malindi, hadi Mambrui na Marafa, awe hewani Jumapili saa mbili na nusu usiku, 145.500. Kwa saa ya dunia ni 1730. Dakika kumi zinatosha. Usikie mtu usisikie, jitambulishe, sema uko wapi, ngoja, sema tena.

Pili, wazee wenye leseni, tafadhali, shikamooni, fungueni droo. Na mkiwa na makundi yenu, wekeni hadharani saa na masafa mnayokutana. Hamtapoteza kitu. Mtapata wa kuwarithi.

Tatu, tuanze kuwaza ripita ya kwetu, kwa kibali na kwa utaratibu. Malindi na Kilifi hazionani kwa antena za mita 10. Hesabu ile inakataa. Lakini tazama Mlima Mwangea, kule Ganze. Antena iliyo mita 400 juu ya nchi iliyoizunguka ina upeo wa kilomita 82. Kutoka hapo, Malindi na Kilifi zote ziko ndani. Kifaa kimoja, paneli ya jua, betri, na idhini ya CA na ya wenyeji wa mlima. Si ndoto kubwa. Lakini hakuna atakayetusikiliza tukiomba ripita ya watu wawili. Lazima kwanza tuwe baraza.

Juzi nilimpigia dada yangu wa Kilifi, kwa simu ya kawaida, nikamwambia ameshaanza kunichosha, ajiandikishe kwa mtihani. Akasema, "Na nikipata leseni nitaongea na nani?"

Nikamwambia, na mimi. Jumapili, saa mbili na nusu. Niko juu ya paa.